Wamekuruka kwenye orodha ya vyeo: uliza sababu

Katika kazi ya madini kuna habari mbili zinazofika nyumbani mbele ya mwenyewe kufika: habari ya shimo lililoanguka, na habari ya vyeo. Ya kwanza watu wanajua ginsi ya kuipokea. Majirani wanakuja, wanaikaa, mama mumoja analeta sombe, mwingine analeta maji. Ya pili hakuna anayekuja. Bibi anaisikia sokoni, mara nyingi kwa bibi ya yule aliyepandishwa, na anarudia na maneno mawili tu: "Bamemuruka tena." Baba anaingia magaribi, anakuta watoto wananyamaza, anafahamu kama wamekwisha kujua.

Ninaandika juu ya ile "tena".

Tunazungumuzaka sana juu ya bei ya koltani, juu ya barabara, juu ya vita. Juu ya mutu aliyefanya kazi miaka kumi katika ekipi moja, na siku ya kuchagua shefu wakachukua mwingine, hatuzungumuze. Tunamwambia "vumilia, baba", kisha tunageukia mambo mengine. Kumwambia mutu avumilie pasipo kuuliza, kwangu mimi, ni kumufunga kinywa mara ya pili. Mawazo yangu ni haya: mutu aliyerukwa anapashwa kuuliza sababu, kwanza kwa mudomo, kisha kwa karatasi, na mukubwa aliyemuruka anapashwa kumujibu. Sisemi kwamba kuuliza kunaleta cheo. Mara nyingi hakuleti. Ninasema vile kwa sababu njia ile ingine, kunyamaza, katika kazi yetu inaua watu.

Mutu aliyezeekea chini ya udongo ana masikio ambayo sisi wengine hatuna. Anasikia muti wa kushikilia shimo ukilia kidogo mbele ya kuvunjika. Anaona changarawe inadondoka fasi ambayo jana ilikuwa ngumu, maji yanabadilisha rangi, hewa inakuwa nzito. Ujuzi huo hauandikwe kwenye diploma. Shefu mupya, hata kama amesoma vizuri, anaupata tu kama yule muzee anafungua kinywa. Na sasa yule muzee ndiye waliyemuruka juzi. Anaona ufa, anauangalia, anasema moyoni: "Miye siko shefu. Aangalie ye mwenyewe." Maneno hayo nimeyasikia katika vinywa vya watu wazuri, wenye kupenda watoto wao, wenye kusali kila siku ya Mungu. Hawataki mutu afe. Wanataka tu yule mwingine akosee kidogo, aonekane. Lakini chini ya udongo hakuna kukosea kidogo. Vilima vya Rubaya ni udongo laini, na miezi ya mvua vinashuka na watu ndani. Katika mwamba wa Bisie, baruti na mashini haziulize nani alipandishwa na nani aliachwa.

Lakini nisimulaumu yeye peke yake, kwani si yeye aliyeanza kunyamaza. Kunyamaza kulianza juu. Orodha inabandikwa kwenye mulango wa biro, majina matano, sinyatire, kashe, basi. Ukiuliza, unaambiwa "ni maamuzi ya direksyo", na yule anayekuambia vile anaangalia simu yake. Mutu amengoja miaka saba; anajibiwa kama mutu aliyeomba njia ya kwenda choo.

Inchi yetu ilikwisha kulipa bei kubwa kwa jibu la namna hii. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Force Publique ilikuwa na askari wapata 25.000, na kati yao hapakuwa Mukongomani hata mumoja aliyekuwa ofisa. Cheo cha juu kabisa ambacho mweusi aliweza kufikia kilikuwa ajida. Kulikuwa wazee waliopigana mpaka Abisinia mwaka 1941, waliozeekea kambini, na juu yao alikuwa anatumwa luteni kijana kutoka Ubelgiji. Tarehe 5 mwezi wa saba, jenerali Janssens aliwakusanya katika kambi Léopold II kule Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba mbele ya uhuru na kisha uhuru ni sawasawa. Hakueleza sababu, hakusema ni mwaka gani mambo yatabadilika. Uasi ulianza siku ile ile. Lumumba, waziri mukuu, alijaribu kutuliza kwa kumupandisha kila askari gradi moja. Haikusaidia kitu. Ilibidi Lundula afanywe jenerali na Mobutu kolonele ndipo askari waone kwamba kule juu kumefunguka, na wakati ule moto ulikuwa umekwisha kusambaa katika inchi nzima.

Ile gradi moja ya kutuliza ningali ninaiona kwenye kampuni zetu. Mutu analalamika, wanamupa jina jipya la kazi na kaske ya rangi ingine. Karatasi ya mushahara inabaki vile ilikuwa. Siku ya kwanza anafurahi. Mwisho wa mwezi anaelewa, na hasira inakuwa mara mbili, kwani sasa anaona pia kwamba walimudanganya kama mutoto.

Tuangalie Bisie kidogo, maana kule jambo hili liko na mizizi mirefu. Kasiterite ya Bisie ilijulikana mwaka 2002. Watu walifika kwa maelfu. Mizigo ilitoka mulimani kwa migongo, kilo hamusini, kupita pori mpaka Njingala, na ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua mawe. Wakati ule cheo kilikuwa na sheria yake: nguvu, bahati, kujua mushipa wa jiwe unaelekea wapi. Mutu alianza kwa kubeba, akawa muchimbaji, akawa kapita, na aliyebahatika akawa PDG wa shimo. Hakuna aliyemuomba diploma. Kisha rais Joseph Kabila akasimamisha kazi ya madini katika Kivu zote mbili na Maniema, kutoka mwezi wa kenda 2010 mpaka mwezi wa tatu 2011. Baadaye ikaja kampuni ya mashini. Mpama Kaskazini ilianza kutoa bati mwaka 2019, Mpama Kusini mwaka 2024, na leo mulima ule mumoja wa Walikale unatoa karibu 6 kwa mia ya bati ya dunia nzima.

Sheria ya cheo ikageuka pasipo mutu kuwatangazia wenyeji. Sasa wanaangalia brevete, karatasi ya kuendesha mashini, ordinatere, na Kiingereza kidogo ili kuelewana na enjenieri aliyetoka inje. Mutu aliyeijua Bisie wakati ilikuwa pori anajikuta katika gradi ya chini, na anayemwamuru ni kijana aliyetoka Goma ao Lubumbashi, ambaye kama ungemwacha peke yake kule porini angepotea mbele ya saa sita. Inauma. Asije mutu kuwaambia wazee hawa kwamba haiume.

Na kuna jambo moja ambalo wakubwa wa kampuni, hata wale Wakongomani wenzetu wa Kinshasa na Katanga, wanasahau. Vita ilianza Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993, ikaingia Masisi, na tangu wakati ule haijatuacha tukapumua muda murefu. Mutoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule leo ana zaidi ya makumi ine. Njo huyu huyu anayerukwa. Alikuwa kwenye kalasi ya ine, masomo yakafungwa, wakakimbia. Masomo yakafunguliwa, wakakimbia tena. Hakukataa masomo, masomo yalimukimbia. Unapomwambia leo "hauna karatasi", unasema kweli, lakini usiseme kama vile alikuwa na uvivu.

Hata hivyo sababu ya karatasi, kati ya sababu zote, ndiyo ninayoichukia kidogo kuliko zingine. Angalau inaweza kushikwa mukononi. Ukiambiwa "ulipungukiwa brevete hii", unajua kilometa zinazobaki. Na wengi hawajui kama kila mwajiri, kwa sheria, anapashwa kulipa sehemu fulani kwa INPP, ile nyumba ya serikali ya kufundisha kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Feza hiyo inahesabiwa juu ya mishahara ya watumishi, kusudi watumishi wafundishwe. Basi mutumishi akiomba kutumwa kwenye mafundisho, haombe zawadi. Delege wa sendika anayekwenda kwenye mukutano na direksyo na kuzungumuza tu juu ya mafuta na sabuni, siku moja aulize hivi: mwaka huu mumetuma watu wangapi kwenye mafundisho, na walichaguliwa namna gani? Ingekuwa mimi, ningeuliza hilo mbele ya sabuni.

Sababu ya pili ni ile tunayoijua wote: mutu wa mukubwa. Shemeji, mutoto wa dada, kijana anayesali na shefu kanisa moja. Hapa karatasi haina kazi, unaweza kuwa nazo zote. Na mara moja maneno ya kabila yanaingia. Sisi watu wa Masisi na Walikale, orodha ikitoka, tunaisoma na macho mawili: jicho moja linasoma jina, lingine linahesabu jina ni la nani. Mara nyingine hesabu ni ya kweli. Sitasema kwamba ukabila hauko makazini; uko, na tunaujua kwa sura. Lakini nina neno moja kwa aliyerukwa: usianzie pale. Ukianza na kabila, umemupa mukubwa wako mulango wa kutokea. Atasema "hao ni watu wa fujo", na hatajibu tena swali lako. Uliza kwanza sababu ya kazi. Walitafuta nini? Mimi nilikosa nini? Aliyechukuliwa ana nini ambacho mimi sina? Kama jibu halisimame, ao kama hakuna jibu, pale njo unakuwa na kitu cha kupeleka mbele, na kimeandikwa. Tena, katika vilima hivi maneno ya kabila yamekwisha kuchoma nyumba za watu ambao hawakuwa hata na kazi ya kugombania.

Kidonda ninachokiona kibaya kupita vyote ni cha interimu. Shefu anaondoka, wanakuambia "shika ekipi kidogo, tunatafuta". Unashika mwezi moja, mitano, kumi. Unasinya raporti, unaamuka usiku wakati kuna shida, watu wamekwisha kukuita shefu, nyumbani pia. Halafu siku moja gari inafika na shefu wa kweli, na wewe unaagizwa umuonyeshe kazi. Wengi wanaacha kazi siku ile. Ndugu, siku wanapokupa interimu, omba karatasi yenye tarehe ya kuanza. Kode ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema katika kifungu cha 86 kwamba mahali kazi ni sawa, ujuzi ni sawa na matokeo ni sawa, mushahara uwe sawa. Kifungu hicho hakikupatie cheo. Lakini kinakupa haki ya kuuliza juu ya ile miezi kumi, na pasipo karatasi yenye tarehe utauliza ukiwa na mikono mitupu.

Nisiwadanganye juu ya sheria. Hakuna sheria ya Kongo inayomulazimisha mwajiri kukupandisha. Kuchagua shefu ni uwezo wake. Lakini woga mukubwa wa watu ni huu: "Nikiandika, banifukuze." Kifungu cha 62 cha Kode ile ile kinasema mutu mwenye kontra ya muda usio na mwisho hafukuzwe pasipo sababu ya kweli, na kinataja mambo ambayo si sababu: kuwa katika sendika, kabila, na pia kuwa umemushitaki mwajiri juu ya kuvunja sheria ao umepeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali. Na kama mambo yanafika mbali, kifungu cha 298 kinataka mupite kwanza kwa inspekta wa kazi ili awapatanishe, mbele ya kwenda kwenye tribinali. Ninajua mutanijibu nini. Inspekta iko wapi leo? Tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na mutu wa Walikale hapandi tu gari asubuhi akaenda kufungua dosie. Ni kweli. Kwa hiyo barua unayoandika leo pengine haitamufikia inspekta mwaka huu. Iandike hata vile. Yenye tarehe na sinyatire inaweza kungoja ndani ya sanduku pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto.

Iandikwe namna gani? Si siku ile orodha inatoka. Ngoja usiku mbili, tatu. Iwe fupi. Iwe kwa Kifaransa kama biro inasoma Kifaransa, na kama wewe hukisomi vizuri, mutoto wako wa sekondari atakusaidia, na hiyo si haya. Sema umefanya kazi gani tangu mwaka gani. Sema ulitamani nafasi gani. Omba kujua ulipungukiwa na nini, na ufanye nini ili uipate mara ingine. Jina la yule aliyepandishwa usiliweke hata mara moja. Yeye hakuandika orodha. Fanya kopi, na aliyeipokea asinye juu ya kopi yako. Nimeona barua za kurasa tano zenye mistari ya Biblia, zenye kutaja wazazi na mababu. Hizo wanazisoma wakicheka. Ile ya mistari sita inawasumbua.

Haya yote, mwenzangu wa Rubaya anasema, ni maneno ya watu wenye kontra. Ana haki. Kule kwenye kariere hakuna biro ya watumishi. Kulikuwa mapatano ya mwaka 2013 kati ya kooperative COOPERAMMA na kampuni yenye konsesyo, kulikuwa wakati wa kufunga etiketi kwenye mifuko, na tangu mwisho wa mwezi wa ine 2024 M23 ndiyo inatawala vilima. Mambo ya juu yanabadilika, lakini ndani ya shimo cheo kinatoka fasi moja: kwa PDG. Anaamua nani atakuwa kapita, nani atashika hesabu ya mifuko, nani atabaki kwenye pelo mpaka mugongo uishe. Na wewe umemuchimbia miaka sita, anamuleta ndugu wa bibi yake aliyetoka kijijini wiki iliyopita, ambaye hajui hata kusimamisha muti.

Kwa mutu wa namna hii, kuondoka si haya. Muchimbaji anatembea na jina lake. Kama unajulikana kwamba ekipi yako haijazika mutu, PDG wa shimo lingine atakupokea kesho. Lakini uondoke vizuri. Kaa na PDG, mbele ya watu wawili, muhesabu mifuko ambayo hujalipwa, deni la chakula, kila kitu, mumalize. Wengi wanaondoka usiku na hasira, wanaacha jasho la miezi mitatu nyuma yao, kisha wanapita wakisema waliibiwa. Na jambo ambalo ninaliogopa sana: kuna wanaoondoka na kwenda kufungua shimo lao pembeni, chini ya lile la zamani, pasipo miti, wakati wa mvua, ili tu yule PDG awaone. Shimo lililofunguliwa kwa hasira halina mutu wa kulichunguza, kwani anayelifungua hataki kusikia.

Sasa nyumbani. Mama, wewe uliyeleta habari kutoka sokoni, ninakuelewa. Ulikwisha kuhesabu. Kuna aliyeahidi minerval ya watoto juu ya mushahara ambao haujapanda, kuna aliyeingia likelemba ya dola nyingi kuliko nguvu zake, kuna mukwe aliyekwisha kutuma mutu kuuliza ng'ombe. Tuna tabia ya kula cheo mbele hakijaiva, na kikikosekana, baba anarudi nyumbani na deni mbili: ya feza na ya heshima. Akianza kupitia kwenye kasiksi mbele ya kufika nyumbani, tujue imetokea wapi. Usimuulize "juu ya nini wenzako wanapanda?" Ameshajiuliza njia nzima. Muulize kama ameongea na shefu wake, na alimujibu nini. Swali hilo linamurudisha kazini. Lile la kwanza linamufukuza nyumbani.

Kuna na wale wanaokuja kusema amefungwa, kwamba kuna mutu alizika kitu kwenye njia yake, na kwamba kwa mbuzi moja na dola makumi mbili njia itafunguka. Kusali ni muzuri, mimi sikatai. Lakini mbuzi ile ingelipa safari ya kwenda kutafuta brevete.

Na tusiseme kama vile kila aliyerukwa ni baba. Wako mama wanaosafisha mawe kwenye maji tangu ujana, wanaojua kwa kidole tu kama mufuko una mchanga, na siku ya kuchagua anayesimamia kazi ya kuosha wanamuweka kijana mwanaume ambaye anawauliza wao kila kitu. Wako binti wa biro wenye diploma sawa na ya wenzao, wanaobaki kwenye kufanya kopi. Wao hata neno "bamemuruka" halisemwe juu yao, kwani hakuna aliyefikiri kama walikuwa kwenye orodha. Barua ya mistari sita iko na kazi kwao pia, pengine zaidi.

Kwako uliyepandishwa juu ya mutu mukubwa kuliko wewe: mbele ya zamu yako ya kwanza, mutafute. Si kwenye mukutano, mbele ya watu. Kando, kwa heshima, kama unavyomwendea baba mudogo. Mwambie: "Muzee, mimi sikuandika orodha. Lakini nitashuka kesho na watoto wa watu, na wewe unajua chini kuliko mimi." Wengine watakuzungushia mugongo. Wengi nawajua hawataweza. Na wewe muzee, akija, mwonyeshe ule ufa. Unaweza kumwonyesha ukiwa na hasira, hakuna shida. Hasira na cheo mutavizungumuza mukitoka juu.

Kwa wakubwa wa kampuni na kwa ma-PDG sina mambo mengi. Hamulazimishwe kumupandisha kila mutu, tunajua viti ni vichache. Lakini mbele ya kubandika orodha, muwaite wale ambao hawamo, mumoja mumoja, kabla hawajaisoma kwenye mulango. Muwaambie mulitafuta nini, walikosa nini, na mara ingine nafasi inaweza kufunguka lini. Muiandike na kwenye karatasi, wapeleke nyumbani bibi aisome. Inaenea kwenye nusu ya ukurasa. Sekretari anaimaliza mbele ya saa sita.